Askari wa Nani? Neno Moja na Mabwana Wake Wengi

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Jinja, Uganda, mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wapendwa, bassebo ne bannyabo, ninawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa Kiswahili na lugha nyingine za dunia. Mada hiyo ni pana mno kwa mtu mmoja na kwa asubuhi moja, kwa hiyo nimeamua kuchukua neno moja tu na kulifuata popote lilipokwenda. Neno lenyewe mmekutana nalo leo mkiingia hapa, kwa sababu limesimama pale langoni likiwa limevaa sare na kushika kitabu cha wageni. Neno hilo ni askari.

Askari ni nani? Mkimwuliza mtu wa Kampala atawaambia kwamba ni mlinzi wa lango, wa benki au wa shule, mara nyingi mwenye bunduki ya zamani na mshahara mdogo. Mtu wa Dar es Salaam atamfikiria kwanza polisi: askari polisi, askari wa usalama barabarani, au yule askari kanzu asiyevaa sare ambaye humtambui mpaka umekwisha kusema usilopaswa kusema. Mturuki atamtaja mwanawe aliye jeshini. Mjerumani atakumbuka picha za vita vya mwaka 1914. Na huko Afrika Kusini, ndugu zangu, ukimwita mtu askari mbele ya watu waliopigania uhuru, umemtukana tusi ambalo halisameheki kirahisi.

Neno ni lile lile. Imekuwaje basi likawa fahari kwa huyu na aibu kwa yule? Ninawaomba mshike swali moja ambalo nitalirudia mara nyingi: askari wa nani? Kila taifa lililolikopa neno hili lilikuwa tayari na neno lake la mpiganaji, wala hapakuwa na pengo la kuziba. Imani yangu ni kwamba walilikopa kila mara walipohitaji kumtaja mwenye silaha na, kwa neno hilo hilo, kusema ni wa nani.

Tuanzie mbali. Katika Kiarabu, askar ni jeshi zima, na pia ni kambi ya jeshi. Wanaisimu wengi wanalihusisha na neno la Kiajemi lashkar, lenye maana hiyo hiyo, ingawa wapo wanaolirudisha kwenye exercitus la Kilatini. Ukitaka kumtaja mtu mmoja wa jeshi hilo unaongeza irabu ya nasaba mwishoni, kama vile mtu wa Baghdad anavyoitwa Baghdadi, na hapo unapata askari: mtu wa jeshi, mtu wa kambi. Tazameni hapo, walimu. Sarufi yenyewe, tangu siku ya kwanza, inamtaja mtu huyu kwa kule anakotoka na siyo kwa kazi ya mikono yake.

Kisa cha Samarra kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko kamusi yoyote. Mwaka 836 Khalifa al-Mu'tasim aliuhama mji wa Baghdad, ambako walinzi wake wa Kituruki walikuwa wakigombana na wenyeji kila mara, akajenga makao mapya huko Samarra, kaskazini yake, kwenye ukingo wa mto Tigris. Mji ule ulikuwa kwanza kabisa mji wa wanajeshi, na watu wakauita Askar. Humo alikaa, chini ya macho ya watawala, Imamu wa kumi na moja wa Mashia Ithnaasheri, Hasan, aliyefariki mwaka 874. Historia inamwita Hasan al-Askari. Huenda hakuna mwenye jina hilo anayejulikana kuliko yeye, na wala hakuwa mpiganaji: aliitwa hivyo kwa sababu kambi ilikuwa imemzunguka.

Waturuki wa dola ya Osmani walilipanua zaidi. Watu wote wa dola waligawanywa mafungu mawili: reaya, yaani raia walipa kodi, na askeri, yaani wote waliomtumikia Sultani na kusamehewa kodi. Kadhi ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa upanga alihesabiwa kuwa askeri, na karani wa serikali vivyo hivyo. Mnalisikia swali letu? Askari wa nani? Wa Sultani, basi, hata kama silaha yake ni kalamu. (Neno raia nalo tumelichukua kutoka kwa Waarabu, lakini hilo ni hotuba ya siku nyingine.) Katika Kituruki cha leo asker ni mwanajeshi tu, na kijana anapokwenda kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, jamaa zake humsindikiza hadi kituo cha mabasi kwa ngoma na zumari wakiimba kwamba askari mkubwa kuliko wote ni askari wetu. Wetu! Shikeni kiwakilishi hicho, kwa maana huko mbele tutakikosa kwa muda mrefu.

Lile neno la Kiajemi, lashkar, lilipanda mashua. Wareno walilikuta katika Bahari ya Hindi, wakawaita lascarim wapiganaji wenyeji waliowatumikia huko Sri Lanka, na Waingereza wakalifanya lascar, jina la baharia wa Kihindi katika meli ya Kizungu. Nalipita hili haraka, lakini mmeona kilichotokea: neno lililokuwa jeshi zima la mfalme limeshuka likawa kibarua wa sitahani.

Sasa tuje kwenye pwani yetu. Masultani wa Zanzibar walikuwa na askari wa Kibaluchi na wa Kihadhrami, na misafara iliyokwenda bara ilikuwa na wapagazi wake na askari wake. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alitumwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, naye akaajiri Wasudani mamia kadhaa huko Cairo, pamoja na watu kutoka kusini, katika Msumbiji. Kutokana na kikosi hicho, mwaka 1891 likaundwa jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ninawauliza: Wajerumani hawakuwa na neno la mwanajeshi? Walikuwa nalo, ni Soldat. Lakini Mwafrika aliyevaa sare yao na kufa kwa amri zao aliandikwa Askari katika vitabu vyao, kwa herufi kubwa kama zilivyo nomino zote za lugha hiyo, na hata vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki vilivyopitia Misri: ombasha, shaush, efendi. Neno la kigeni lilikuwa ukuta. Lilimwingiza mtu jeshini bila kumwingiza katika taifa.

Jeshi hilo liliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari wake walikuwa wanadai mishahara. Walisubiri hadi mwaka 1964, ndipo bunge la Ujerumani Magharibi lilipoamua kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba mjini Mwanza walijitokeza wazee mamia kadhaa, na wachache tu kati yao walikuwa na vyeti. Mlipaji akaona dawa ni kumkabidhi kila mzee ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani, na inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa hiki husimuliwa Ulaya kwa kicheko cha upole, kama ushahidi wa uaminifu. Mimi hakinichekeshi. Mtu anadai ujira wake kwa karibu miaka hamsini, na siku anapolipwa anatakiwa kwanza athibitishe, kwa ufagio, kwamba alikuwa wa bwana fulani.

Waitalia nao walikuwa na soldato, lakini Waeritrea waliowapigania waliwaita ascari. Katika vita vya Adwa, Machi 1896, jeshi la Mfalme Menelik wa Ethiopia liliwashinda Waitalia, na mateka wa Kiitalia wakatendewa kama maadui waliotekwa. Ascari waliotekwa walitendewa kama wasaliti: mamia yao walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Kwa Waethiopia, swali la askari wa nani lilikuwa na jibu la kisheria, na jibu hilo lilikuwa la kutisha. Baadaye, ndani ya bunge la Roma, ascari likawa neno la kejeli kwa wabunge wanyonge wanaopiga kura kama wakubwa wanavyotaka. Ninadhani sisi pia tungeweza kulitumia hilo, ila sitataja bunge lolote.

Kutoka hapo, ndugu zangu, njia inaingia gizani. Mwaka 1943 jenerali wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, Jürgen Stroop, aliyeongoza kuangamizwa kwa mtaa wa Wayahudi mjini Warsaw, aliandika ripoti yenye picha, na humo wasaidizi waliofunzwa katika kambi ya Trawniki, wengi wao mateka wa jeshi la Kisovieti, wameitwa Askaris. Fikirini umbali huo. Neno ambalo Wajerumani walilizoea pwani yetu limehamishiwa Poland, likawekwa juu ya watu ambao hawajapata kuiona Afrika, kwa kuwa sifa ile ile ilihitajika: mtu wa upande wa pili anayebeba silaha yetu. Miaka takriban arobaini baadaye, katika shamba la Vlakplaas nje ya Pretoria, polisi wa siri wa utawala wa ubaguzi waliwaita askari wapiganaji wa ukombozi waliowakamata na kuwageuza wawawinde wenzao wa jana. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoanza kusikiliza watu mwaka 1996, neno hilo lilitajwa mbele yake tena na tena, na halikuhitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote ukumbini.

Mwanafunzi mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Unauliza, Uganda iko wapi katika haya yote? Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda.

Huku kwetu neno hili lilifika kwa njia mbili. Njia ya kwanza mnaijua: ni ya misafara kutoka pwani, neno likiwa ndani ya Kiswahili. Njia ya pili ni mto Nile. Jimbo la Ikweta lilitawaliwa na Misri, na gavana wake wa mwisho, Emin Pasha, alikuwa na vikosi vya Wasudani waliokuwa wakijiita kwa neno hilo hilo, katika Kiarabu chao. Emin alipoondoka mwaka 1889 pamoja na mvumbuzi Stanley, wengi wao walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya afisa wao Selim Bey, bila mshahara wala habari kutoka Cairo. Mwaka 1891 akafika Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Kiingereza, akitafuta watu wa kushika ngome zake. Selim Bey alimjibu nini? Alimjibu kwamba yeye ni mtumishi wa Khedive, yaani mtawala wa Misri, na kwamba hawezi kuhamia kwa bwana mwingine bila ridhaa ya Khedive. Alikuwa msituni, nguo zimechakaa, serikali yake imemsahau, na bado jambo la kwanza alilotaka kulijua ni lile tunaloliuliza sisi leo: tutakuwa askari wa nani?

Makubaliano yakapatikana, wakaja. Katika miaka michache walitoka kwa Khedive wakaingia kwa kampuni, na kampuni iliposhindwa wakaingia mikononi mwa serikali ya Uingereza. Walilinda ngome, wakapiganishwa Bunyoro, wakatembezwa kutoka mpaka hadi mpaka kwa ujira mdogo uliochelewa. Mwaka 1897 walichoka. Waliokuwa wameamriwa kwenda safari nyingine ndefu waliasi huko Ravine, katika nchi ambayo sasa ni Kenya, wakarudi magharibi hadi ngome ya Luba hapa Busoga, upande wa ziwa, si mbali na ukumbi huu tulimo. Wenzao wa ngomeni wakajiunga nao. Meja Thruston, afisa wao Mwingereza, aliyewaamini watu wake kiasi cha kwenda kwao akitegemea maneno matupu, alikamatwa na kuuawa pamoja na wenzake wawili, na ilihitajika miezi mingi na wanajeshi kutoka India kuuzima uasi ule. Wazee wa Busoga waliyaona hayo kwa macho yao. Askari ambao hawakuwa wa mtu yeyote wa hapa walipigana juu ya ardhi ya hapa, na mahindi waliyokula yalikuwa ya watu wa hapa.

Tazameni sasa lugha zetu zilivyofanya. Mganda hasemi askari anapomtaja mwanajeshi au polisi, anasema omuserikale. Nenda Rwanda utasikia umusirikare. Mzizi wake ni serikali, neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka sarkar la Kiajemi na Kihindi. Wazee wetu walimtazama yule mtu mwenye bunduki, wakaruka bunduki, wakamwita mtu wa serikali. Sidhani kama kuna profesa aliyewahi kulijibu swali letu kwa ufupi zaidi.

Jeshi la King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, liliundwa mwaka 1902, na baada ya muda Kiswahili kikawa lugha yake, na hapo ndipo tulipoanza kuvuna tunachokivuna hadi leo. Mtoto wa kijijini alisikia Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu wa serikali na pengine hakukisikia kwa mwingine yeyote. Idi Amin, aliyekulia katika jeshi hilo na kufikia cheo cha efendi mwaka 1959, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo lake likakiongezea hofu badala ya heshima. Mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania walipoingia Kampala, watu waliwaita bakombozi, na kwa kipindi kifupi Kiswahili kilikuwa lugha ya mkombozi. Kipindi hicho hakikudumu. Katika miaka ya themanini ya mwanzoni likaja jambo ambalo wazee mliomo humu mnalikumbuka bila mimi kulieleza: panda gari. Maneno mawili ya Kiswahili, sahihi kabisa kisarufi, ambayo mzazi aliyasikia siku mwanawe alipopakiwa kwenye lori la jeshi. Mnataka kujua kwa nini mama mmoja wa Luweero, wilaya iliyoumizwa sana na vita vya miaka hiyo, hapendi mjukuu wake afundishwe Kiswahili? Msimweleze habari za soko la pamoja la Afrika Mashariki kabla ya kuzungumza naye habari za lori hilo.

Walimu wenzangu, hapa nina maoni yangu na nitayasema wazi. Tunapoambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, huwa tunakimbilia kujitetea kwa mashairi ya Mombasa na Lamu. Mimi ninaona tukubali kwamba, katika nchi hii, ilikuwa hivyo kweli, halafu tuwaonyeshe Kiurdu. Jina la lugha hiyo ni lile neno la Kituruki ordu, lenye maana ya jeshi au kambi. Lugha inayojiita kambi ndiyo iliyozaa ghazali zinazoimbwa harusini toka Lahore hadi Hyderabad, na wasemaji wake hawajaona haja ya kulibadilisha jina. Katiba yetu ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, haikufuta lori wala vizuizi vya barabarani. Ni lazima darasani yazungumzwe.

Limebaki lango. Katika miji yetu ya leo neno limeshuka tena, kama lilivyoshuka kwa wale mabaharia wa Kihindi: askari ni yule kijana wa kampuni ya ulinzi anayekesha mbele ya duka la mtu mwingine, akilinda mali ambayo mshahara wake wa mwaka hauwezi kuinunua. Nairobi wamefanya kichekesho kinyume chake. Mlinzi wa usiku huko wanamwita soja, yaani wamechukua neno la Kiingereza la mwanajeshi na kumpa bawabu. Mjerumani alikopa la kwetu kumtaja mwanajeshi aliyemwona mdogo, na sisi tumekopa la Mwingereza kumtaja mlinzi tunayemwona mdogo. Asubuhi hii wangapi kati yetu tulimwita yule kaka wa langoni “we askari, fungua”? Wangapi tulimwuliza jina lake?

Neno kwa wanafunzi kuhusu mtihani, maana najua mnalisubiri. Askari halibadiliki katika wingi: askari mmoja, askari wawili, askari wale wamefika. Mitaani mtasikia maaskari, nami simkatazi mtu kusema hivyo akiwa kwenye bodaboda, lakini kwenye karatasi ya mtihani msiliandike.

Mheshimiwa mwenyekiti, ninamalizia kwa ombi. Ukumbini humu wamo Wasoga, Waganda, Waacholi, Wateso, Wanubi, Wakiga na wengine ambao sikuwataja. Ninakusanya majina ambayo lugha zetu zimempa mtu huyu: mwanajeshi, polisi na mlinzi, kila mmoja kwa jina lake, na hasa yale majina ya mafumbo ambayo watu huyatumia wakati mhusika yuko karibu na anasikia. Wakati wa chai nitakuwa pale mezani karibu na dirisha nikiwa na daftari. Kila atakayekuja, tafadhali anipe neno, aniambie kijiji linakosemwa, na kama analijua, anieleze lilianza kusemwa wakati wa utawala wa nani.

Asanteni sana. Mwebale nnyo.